Tumbo Langu Lilianzia Ofisini

(Hotuba niliyoitoa kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa SACCOS yetu ya watumishi, Dodoma. Wanachama waliokuwa safari za kikazi na walioko likizo wameiomba, kwa hiyo nimeiandika kama nilivyoisema, pamoja na utani wake.)

Mama Mwenyekiti, wajumbe wa bodi, wanachama wenzangu. Shikamooni wakubwa. Vijana, hamjambo?

Mnaitika kinyonge, na sababu naijua. Saa saba inakaribia na harufu ya pilau imeshaingia ukumbini. Na pale nyuma naona makreti ya soda yamepangwa kama ushahidi mahakamani. Nitarudi kwenye hayo makreti.

Mama Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia, "Kaka, wewe umepungua, njoo utueleze ulifanyaje." Nikamjibu, mama, mimi si daktari, mimi ni mhasibu. Akasema ndiyo maana nakutaka wewe. Madaktari tumeshawasikia, tukawapigia makofi, tukaenda kula. Basi nimekuja na hesabu zangu. Urefu wangu ni mita 1.71. Julai 2022 nilikuwa na kilo 112. Jumatatu ya wiki hii nimepanda mzani nikakuta 95. Ukichukua kilo zako ukagawa kwa urefu mara urefu, unapata ile namba ya BMI: kuanzia 25 uzito umezidi, kuanzia 30 umeingia kwenye unene ambao hospitali inauandika kwenye faili. Mimi nimetoka 38, nimefika 32 na kitu. Kwa hiyo msinipigie makofi mapema. Kwa faili la hospitali mimi bado ni bonge. Ila ni bonge anayelala usingizi na kupanda ngazi bila kusimama katikati akijifanya anasoma simu.

Niwaulize. Nani humu ndani amewahi kuanza dayati siku ya Jumatatu? Nyoosheni, msione haya. Haya. Na nani dayati yake iliiona Ijumaa?

Mnaona mikono ilivyoshuka. Watu wazima wote hawa, wenye kazi, wanaolea watoto na kurejesha mikopo kwa wakati, tuseme wote hawana nia? Mtu anaweza kukatwa mshahara miaka sita bila kukosa mwezi, halafu ashindwe kuacha andazi kwa sababu ya uvivu? Mimi sikubali. Nadhani tumekuwa tunalitafuta deni kwenye leja isiyo yake.

Nilikuja Dodoma Februari 2017. Mnaikumbuka ile hali. Uamuzi wa kuhamia huku ulikuwapo tangu 1973, tukauzoea kama kalenda ya mwaka jana inayobaki ukutani, mpaka Julai 2016 Rais Magufuli aliposema sasa tunahama kweli. Mke wangu anafundisha Dar es Salaam. Watoto walikuwa katikati ya shule. Nikaja na begi moja, godoro na mtungi mdogo wa gesi, nikapanga chumba na sebule kule Nkuhungu. Wangapi tulikuja hivyo? Wangapi mpaka leo tuko hivyo? Eeh.

Ule mtungi wa gesi ulikaa miezi saba haujaisha.

Miezi saba, ndugu zangu! Kwa sababu mwanaume aliyeacha familia kilomita 450 huko, anayetoka kazini saa mbili usiku, hapiki. Anapitia zege. Kwa wale wasioijua lugha hiyo, zege ni chipsi mayai. Muuzaji wangu alikuwa akiniona natokea kona tu anapasua mayai mawili, hata haniulizi. Mishikaki miwili juu, kachumbari kidogo ili dhamiri itulie, na soda. Saa nne usiku. Nakula nikiwa nimesimama, nakula nikisoma meseji za kazini, narudi chumbani, na kabla ya kulala nafungua pakiti ya karanga.

Je, nilikuwa na njaa? Mchana nilikula wali na maharage, alasiri nikala vitumbua vya yule mama wa kantini. Sikuwa na njaa hata kidogo. Nilikuwa na hoja.

Wahasibu wenzangu wananielewa. Juni 30 unafunga mwaka. Septemba 30 hesabu ziwe mezani. Baada ya hapo wakaguzi wanaingia, na hoja zinaanza kushuka: hati ya malipo haionekani, stakabadhi haijaambatishwa, safari haina ripoti. Mwaka ule nilikuwa na hoja 41 zilizoandikwa jina langu. Nyingine zilikuwa za watu waliohama kabla sijaja! Mfumo ukigoma saa tisa alasiri, unasubiri. Mkuu anatuma ujumbe saa tano usiku, "Lile jedwali limefikia wapi?" Unaamka saa tisa usiku unamkumbuka dereva ambaye hakurejesha masurufu, yaani pesa ya safari aliyopewa kabla ya kuondoka.

Hapo kwenye masurufu ndipo nilipouelewa mwili wangu, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Ukipata msukosuko, zile tezi zinatoa homoni inayoitwa kotisoli. Kotisoli inakwenda kwenye ini na kusema: toa sukari, iingize kwenye damu, huyu mtu ana safari ya dharura. Yaani mwili unakuandikia masurufu! Umepewa nauli na posho, ukimbie au upigane. Lakini wewe huendi popote. Umekaa kwenye kiti unaangalia jedwali. Safari haikufanyika, na masurufu hayajarejeshwa. Insulini inapanda ili kuikusanya ile sukari, na ile inayozidi inaweza kuishia kuwekwa kama mafuta, na kotisoli inapendelea kuyaweka tumboni. Kesho yake saa tano usiku ujumbe mwingine wa mkuu, masurufu mengine. Na kotisoli hiyo hiyo inakufanya utamani vitu vitamu na vya mafuta. Hajawahi mtu kuniambia, "Leo mkuu kanifokea, natamani mchicha."

Halafu kuna usingizi. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichukua vijana 12 wenye afya, wakawaacha walale kwa muda wa saa nne tu kila usiku, kwa usiku mbili. Usiku mbili tu! Leptini, homoni inayotuambia tumeshiba, ikashuka kwa asilimia 18. Grelini, ile ya njaa, ikapanda kwa asilimia 28. Vijana wakatamani zaidi vyakula vya wanga na vitamu. Sasa mimi sikulala vizuri usiku mbili? Mimi sikulala vizuri miaka mitano.

Sasa niwaambie nilivyohangaika, maana najua wengine mnahangaika hivi hivi leo.

Nilianza na ndimu na tangawizi kwenye maji ya moto asubuhi kabla ya kula kitu. Nilipunguza nini? Nilipunguza amani ya tumbo, maana nina vidonda vya tumbo, na nilikuwa navimwagia ndimu kila alfajiri kama mtu anayeosha jeraha kwa pilipili. Nikaacha. Nikaletewa chai ya kupunguza kitambi, inauzwa kwenye magrupu ya WhatsApp, na picha za kabla na baada. Bei sitaji kwa sababu mke wangu ataisoma hotuba hii. Nikanywa usiku. Kesho yake tuna kikao cha bajeti, nimekaa katikati ya safu, mlango uko mbali. Naombeni nisiendelee. Nilikuja kujua baadaye kwamba chai nyingi za namna hiyo zina majani ya sena, dawa ya kuharisha. Mzani unashuka kweli. Umepoteza maji. Mafuta yako pale pale, yanakuangalia.

Nikaona dawa ni kujinyima kabisa. Chai kavu asubuhi, mchana tunda, usiku nalala. Wiki mbili! Nilikuwa mkali mpaka mhudumu wa ofisi alikuwa anaweka faili mezani anakimbia. Nilikuwa naota ndizi. Nasoma hati ya malipo ya chakula cha semina, mate yananitoka. Siku ya kumi na tano nikaenda Msalato, mnadani kwenye nyama choma, Jumamosi. Waliowahi kwenda Msalato wanajua nilichokifanya pale.

Nilijilaumu sana siku ile. Laiti ningejua habari ya wale vijana wa Minnesota, Marekani. Mwaka 1944, vita ikielekea ukingoni, mtafiti Ancel Keys alitaka kujua namna ya kuwalisha watu walioshinda njaa. Wakajitolea wanaume 36, vijana, wazima, wenye msimamo. Walikuwa wamekataa kwenda vitani kwa imani zao, kwa hiyo nia walikuwa nayo. Akawapunguzia chakula kwa wiki 24. Kilichowapata? Wakawa wanawaza chakula mchana na usiku. Wengine wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi. Wakawa na huzuni, hasira, hawataki watu. Na walipofunguliwa, walikula wasijue pa kuishia. Hao ndio watu wenye nia ya chuma. Mimi na vitumbua vyangu ni nani?

Julai 2022 nikaanguka ngazini. Sikuzimia, niseme ukweli, magoti yaliachia tu nikakaa chini na boksi faili mkononi. Nikaenda hospitali. Presha 164 kwa 102. Sukari kabla ya kula 6.6, yaani mpakani, maana ikifika 7 umeingia kwenye kisukari. Daktari alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu. Nikajiandaa kuambiwa punguza wali. Akaniuliza, "Baba, unalala saa ngapi?" Nikamwambia. Akauliza, "Nyumbani uko na nani?" Ndugu zangu, swali dogo kama hilo. Nilishindwa kulijibu. Nilitazama ile chati ya chanjo ukutani kama vile nasoma.

Akanipa dawa za presha, na mpaka leo nazimeza. Nawasihi mlio na dawa, kupungua kilo tano si ruhusa ya kuzitupa. Akaniuliza natumia dawa gani nyingine. Nikamwambia kifua kikibana kwa hili vumbi letu, nanunua prednisoloni duka la dawa. Kwa cheti cha nani? Cha kwangu mwenyewe. Akaniambia dawa ile ni ya msaada mkubwa ukiandikiwa, lakini inaongeza hamu ya kula, inapandisha sukari na inanenepesha, na mtu aliyeitumia muda mrefu asiiache ghafla. Akanipangia namna ya kuiacha na dawa ya kuvuta badala yake. Wangapi humu wana dawa zinazowanenepesha na hawajui? Kuna sindano za uzazi wa mpango, insulini, baadhi ya dawa za kifafa na za msongo wa mawazo. Hamtaziacha, mtauliza. Kuuliza ni bure, na kadi ya bima unayo.

Akaniambia lengo ni asilimia 7. Nikapiga hesabu: kilo 8. Nikasema daktari, nina 112, kilo 8 zinanisaidia nini? Akanieleza utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002, wa watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa mpakani kama mimi. Kundi moja liliwekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Hatari ya kupata kisukari ikashuka kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformini, dawa ya kisukari, ilishuka kwa 31. Dakika 150 ni nusu saa, siku tano. Hapo nikashusha pumzi. Nilikuwa najua namna ya kudaiwa kilo 40, sikujua kama kuna mtu anakubali malipo ya 8.

Sasa nifike mahali ambapo sikupanga kufika, lakini tuko wenyewe.

Nilipopungua kilo tisa za kwanza, hakuna aliyenisifu. Mnajua nilichoambiwa? "Mzee, vipi, unaumwa?" Dereva mmoja alinishika mkono akaniambia kwa huruma, "Kaka, siku hizi dawa zipo, usiogope." Nikacheka. Lakini nilipokwenda Bukoba Desemba, mama yangu hakucheka. Alinipokea begi, akanitazama, akaingia ndani. Usiku, wageni wameondoka, akaniita jikoni akafunga mlango. Akasema, "Mwanangu, niambie ukweli."

Nyinyi mliokulia kwingine huenda hamtaelewa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, kwetu Kagera. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, waliuita Slim kwa sababu ya kukonda. Sisi tuliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikivushwa mpakani na wafanyabiashara. Mimi nilikuwa mtoto. Baba mdogo alikuwa mwanaume mkubwa, akibeba gunia la kahawa peke yake. Nilimwona akipungua mwezi hadi mwezi mpaka saa yake ya mkononi ikawa inapanda hadi kwenye kiwiko. Mama ndiye aliyemwuguza. Kwa mama, mtu anayepungua ni mtu anayeondoka. Unataka nimweleze habari ya BMI?

Nilikaa naye pale jikoni mpaka usiku wa manane. Nikamwonyesha karatasi zangu zote, presha, sukari, na kile kipimo kingine pia, kwa sababu ndicho alichotaka kukiona. Akakisoma mara mbili. Akaniambia, "Basi ongeza ndizi kidogo." Nikaongeza. Ndugu, ziko siku mtu anakula ili mama yake alale.

Na hii iko kwetu sote, si Kagera tu. Tunamwambia mtu "umenenepa, mambo yamekunyookea." Kitambi tunakiita cha pesa. Bwana harusi mwembamba tunamhurumia mke. Halafu tunageuka tunamwita binti wa masjala "bonge" mbele ya wageni, tunacheka. Mtu atapungua vipi mahali ambapo akinenepa anachekwa na akikonda anaandaliwa rambirambi?

Nirudi ofisini, maana nilisema tumbo lilianzia huko.

London, miaka ya 1950 mwanzoni, daktari mmoja aitwaye Jerry Morris aliwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Dereva na konda wanapanda basi moja, wanapata hewa moja, wanatoka mitaa ile ile. Dereva amekaa zamu nzima. Konda anapanda na kushuka ngazi za basi kukata tiketi. Matokeo yake yalitoka mwaka 1953: madereva waliugua moyo zaidi ya makonda. Halafu wakafanya kitu ambacho kama mhasibu kilinifurahisha kuliko vyote. Walikwenda stoo ya sare wakaangalia vipimo vya suruali! Viuno vya madereva vilikuwa vikubwa kuliko vya makonda. Ushahidi ulikuwa umelala kwenye leja ya stoo. Sasa nendeni stendi pale Sabasaba mtazame daladala zetu: konda ananing'inia mlangoni kama mjusi, dereva tumbo limegusa usukani. Sisi wa ofisini ni madereva wasio na gari.

Uingereza hiyo hiyo, kuanzia mwaka 1967, walifuatilia watumishi wa umma wa Whitehall, watu kama sisi, wa mafaili. Kila mtu alidhani wakubwa ndio watakaokufa kwa moyo, maana ndio wenye majukumu. Ikawa kinyume. Wanaume wa ngazi ya chini kabisa walikufa kwa ugonjwa wa moyo zaidi ya mara tatu ya wale wa ngazi ya juu, na sigara, presha na mengine yaliyopimwa hayakutosha kueleza tofauti yote. Profesa Michael Marmot na wenzake wakaendelea kuchimba, na katika awamu ya pili iliyoanza mwaka 1985 likajitokeza jambo hili: anayeumia zaidi ni mtu mwenye kazi isiyompa nafasi ya kuamua chochote. Unasukumwa, na usukani huna.

Niliposoma hilo nilikaa kimya kama dakika kumi. Kisha nikachukua karatasi moja nikaorodhesha hoja zote 41, kila moja na mwenye nayo halisi. Nikaenda kwa mkuu wangu wa kitengo. Nilikuwa natetemeka, nisiwadanganye. Nikamwambia, mkuu, hizi 18 si zangu, wenyewe wapo, naomba waandikiwe. Zangu 23 nitazimaliza. Na nikaomba ujumbe wa kazi ukome saa mbili usiku, isipokuwa kuna moto. Mnadhani alisemaje? Alisema, "Mbona hukusema siku zote?" Miaka mitano! Najua wengine wakubwa wenu hawatajibu hivyo. Mmoja wetu hapa alijaribu, akaambiwa kazi imemshinda. Ndiyo maana sisemi kwamba kila mtu aende kesho asubuhi. Lakini orodha iandike. Ukishaiandika unajua ni mzigo wa kilo ngapi.

Na deni. Tuko SACCOS, tuliseme. Mwaka 2021 nilichukua mkopo wa kausha damu, ile ya riba kubwa ya mtaani, ada ya shule imebana, na niliona haya kuja kukopa kwenu kwa sababu mkopo wangu wa kwanza haujaisha. Zege nilizokula mwaka ule, nyingi nilikula nikipiga hesabu ya riba. Nilipokuja hatimaye kwa mhazini wetu tukaunganisha madeni, nililala saa saba mfululizo usiku ule. Sikupungua hata gramu, lakini ndiyo siku kupungua kulipoanza.

Chakula nitakipitia haraka, kwa sababu mnakijua. Mama mwenye nyumba wangu ni Mgogo. Miaka yote alikuwa akinikaribisha ugali wa uwele na mlenda, nami Mhaya nikijiona mtu wa ndizi, nakataa kwa adabu. Siku moja nilikubali. Sasa nimempa hela ya mwezi, nakula kwake jioni saa moja, mlenda, dagaa, maharage, ugali nusu ya ule wa zamani, na wajukuu zake wananichosha kwa maswali ya hesabu. Ukiniuliza kilichonipunguza, mlenda au wale wajukuu, siwezi kukugawia asilimia. Chai nilikuwa nakunywa vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu vya sukari kila kimoja. Vijiko 12, karibu gramu 48. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongeza isizidi kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima. Yaani chai peke yake ilikuwa inamaliza bajeti, soda inakuja bila kifungu. Na jioni nashuka kwenye basi la watumishi vituo viwili kabla, natembea. Vumbi lipo. Natembea.

Halikunyooka moja kwa moja, msije mkadhani. Mwaka 2023 kaka yangu alifariki, nikarudisha kilo nne ndani ya miezi miwili. Sikuanza upya Jumatatu. Nilisubiri kwanza msiba uishe.

Siku hizi Ijumaa natoka saa tisa na nusu alasiri, muda wa serikali, nawahi treni ya SGR. Zamani basi lilinila siku nzima, sasa ni chini ya saa nne niko kwangu. Mke wangu anasema ninakoroma kidogo kuliko zamani. Anasema hivyo kwa wema.

Mama Mwenyekiti, naomba nimalize kwa maombi kwa bodi, na yaingie kwenye muhtasari. Mwakani kifungu cha chakula cha mkutano kibaki kile kile, ila nusu ya makreti yale yawe maji. Na afisa mikopo, mwanachama akija kuomba mkopo wa dharura macho mekundu, kabla hujamuuliza dhamana, muulize amelala saa ngapi.

Nimekuja na futi ya fundi cherehani, iko hapa mezani karibu na daftari la mahudhurio. Unapima kiuno tumbo likiwa limelegea, usilivute ndani, tunakuona. Wanaume ukizidi sentimita 94, wanawake 80, hatari inaanza kupanda, nenda kapime presha na sukari. Sitaandika jina la mtu. Mimi wiki hii nimesoma 108, kwa hiyo asiogope mtu kuwa wa kwanza.

Mhazini anatazama saa. Mama Mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti.